UZI: Nimekata tumbo, kilo 41 zimeshuka, lakini moyo haukutulia. Bakteria wa tumboni wana nini na huzuni?

#1 – Mwanzisha uzi

Assalaam alaykum na habari zenu wana jukwaa. Mie Mzanzibari, naishi Maskat mwaka wa kumi na moja sasa. Miaka mitatu iliyopita nilifanyiwa takmim. Ndivyo Waarabu wa huku wanavyouita ule upasuaji wa kukata tumbo la chakula, na jina limetoka kwenye mkono wa kanzu, maana tumbo linalobaki ni jembamba na refu kama mkono wa nguo. Nilikuwa kilo 118, leo nina 77. Sukari iliyokuwa inanisumbua imetulia, magoti hayaumi, nasali nimesimama bila kiti. Kwa haya yote namshukuru Mola, na anayetaka kuja kusema upasuaji huu ni mbaya, si mimi wa kumuunga mkono.

Nilichokuja kusimulia ni kingine. Mwezi wa nane baada ya upasuaji nilianza kulia. Nguo mpya zimejaa kabatini, harusini kila mtu ananivuta tupige picha, na usiku nageuka kitandani hadi adhana ya alfajiri. Chakula hakinipi raha, maongezi hayanipi raha. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniambia, "Umepata ulichokitaka, sasa unalilia nini?" Hakukusudia ubaya. Lakini neno hilo lilinifunga mdomo kwa nusu mwaka, kwa sababu hata mimi nilikuwa najiuliza hilohilo.

Humu kila wiki watu wanauliza bei ya upasuaji, India au Uturuki, baipasi au takmim. Sijaona uzi unaouliza kichwani kutakuwaje baada ya hapo. Kwa hiyo nimekaa na daktari wangu, nimesoma, na nitaandika nilichokielewa. Uzi utakuwa mrefu, nivumilieni.

Kwanza tumbo lenyewe. Kwenye takmim hukatwa robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo la chakula, likatolewa nje kabisa. Halirudishwi. Kwenye baipasi hubaki kifuko kidogo cha kama mililita 30 hivi, na utumbo mwembamba huunganishwa nacho, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Watu tunadhani hesabu imeishia hapo: tumbo dogo, chakula kidogo, mwili mdogo. Lakini kuna watu wa baipasi ambao sukari yao hushuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua kwa maana yoyote. Kuna kitu kingine kinafanya kazi.

Sehemu ni homoni. Grelini, inayotupa njaa, hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya tumbo, na hiyo ndiyo inayokwenda na kisu kwenye takmim. GLP-1, homoni ya kutupa shibe, ambayo ndiyo inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zilizojaa mjini siku hizi, baada ya upasuaji hupanda sana mtu akila.

Sehemu nyingine ni bakteria. Mwili wa mtu una bakteria wanaokadiriwa trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe, na ukiwapima wote hawafiki robo kilo. Wengi wao wako utumbo mpana. Wamejipanga huko kwa sababu tindikali ya tumboni huwaua wengi wanaoingia na chakula, na kwa sababu kule chini oksijeni haifiki. Sasa fikiria umekata tumbo. Tindikali imepungua, bakteria wa mdomoni kama Streptococcus na Veillonella wanateremka salama. Oksijeni inafika mbali kuliko zamani. Chakula kinafika chini kikiwa hakijasagika vizuri, na mtiririko wa nyongo umebadilika. Mtaa mzima umebadilishiwa maji na hewa, kwa hiyo wakazi wake pia hubadilika. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu waliofanyiwa baipasi wakakuta kundi la Proteobacteria, ambalo ndugu zake E. koli wamo, limepanda. Tafiti nyingi zimekuja baadaye zikaona vivyo hivyo, na Akkermansia, bakteria anayeishi kwenye ute wa ukuta wa utumbo, naye mara nyingi huongezeka. Kwenye baipasi mabadiliko haya huwa makubwa kuliko kwenye takmim.

Unaweza kusema, sawa, wamebadilika, lakini wanafanya nini? Mwaka 2013 watafiti wa Boston waliwafanyia panya upasuaji wa baipasi. Kisha wakachukua bakteria wa utumbo wa panya hao wakawapandikiza kwa panya wengine waliolelewa bila bakteria hata mmoja. Panya waliopandikizwa walipungua, na wao hawakuguswa na kisu. Miaka miwili baadaye watafiti wa Gothenburg, Sweden, walichukua bakteria wa wanawake waliofanyiwa upasuaji miaka tisa nyuma, wakawapa panya, na panya hao walijenga mafuta kidogo kuliko waliopewa bakteria wa wanawake wanene ambao hawakupasuliwa. Miaka tisa! Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Nilikuwa nadhani upasuaji ni jambo la siku moja.

Naendelea chini.

#2 – Mwanzisha uzi

Sasa moyo na kichwa.

Serotonini wengi tumeisikia ikitajwa kwenye habari za sonona, yaani depression. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, si kwenye ubongo. Mwaka 2015 watafiti wa California walionyesha kwa panya kwamba aina fulani za bakteria huziamuru seli za utumbo zitengeneze zaidi. Ila hapa ndipo wauza vidonge wanapotudanganya, kwa hiyo nisomeni vizuri: serotonini ya utumbo haivuki kuingia ubongoni. Ubongo una yake. Mawasiliano ya tumbo na kichwa hupita njia nyingine. Kuna mshipa wa fahamu wa vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, na habari nyingi ndani yake hupanda juu kuliko kushuka. Kuna kinga ya mwili na uvimbe wake. Kuna asidi ndogondogo kama butireti, ambazo bakteria huzitengeneza wakila nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya sisi.

Ubelgiji, mwaka 2019, walichunguza zaidi ya watu elfu moja wakakuta wenye sonona wana upungufu wa bakteria aina ya Coprococcus na Dialister. Coprococcus ni mmoja wa watengenezaji wa butireti. Na kule Cork, Ireland, mwaka 2016, walipandikiza bakteria wa watu wenye sonona kwa panya, panya wakaanza kuonyesha tabia za wasiwasi na kukosa hamu ya vitu vitamu. Kwa hiyo habari hii ina msingi. Ila kutoka panya hadi mimi ninayelia jikoni Maskat kuna safari ndefu.

Na kwa sisi tuliopasuliwa picha ina pande mbili. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2016 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya watano wanaokwenda kupasuliwa ana sonona tayari, na kwa wengi dalili hupungua baada ya upasuaji. Hilo ni kweli na msilisahau. Miezi ya mwanzo ni kama fungate. Lakini mwaka huohuo zilitoka takwimu za Ontario, Kanada, za watu 8,815 waliofuatiliwa miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada ya upasuaji. Matukio ya kujidhuru yaliyowafikisha hospitalini yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50, na mengi yalitokea mwaka wa pili na wa tatu. Waliohusika walikuwa 111, wachache ukilinganisha na wote, na karibu wote walikuwa na historia ya maradhi ya akili kabla ya kupasuliwa. Utah, Marekani, nako, mwaka 2007, walikuta vifo kwa jumla vimepungua kwa asilimia 40 kwa waliopasuliwa, ila vifo visivyo vya maradhi, ikiwemo ajali na kujiua, vilikuwa juu.

Mwaka wa pili na wa tatu ndio wakati ambao hakuna anayekupigia simu tena. Hospitali yangu iliniita wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita. Baada ya hapo kimya. Na mimi nilianza kulia mwezi wa nane.

#3 – Mchangiaji, Tanga

Shukran kwa uzi dada. Swali langu fupi: kwa hiyo ni bakteria ndio waliokutia huzuni?

#4 – Mwanzisha uzi

Kaka, hakuna daktari mkweli atakayekuambia hivyo kwa mtu mmoja mmoja. Kipimo cha choo cha kusema "huzuni yako imetoka kwa bakteria huyu" hakipo.

Kilichopatikana kwangu ni hiki. Nilipokwenda hatimaye, daktari alinipima damu. Vitamini B12 ilikuwa chini sana, madini ya chuma chini, vitamini D chini. Tumbo lililokatwa linatoa tindikali kidogo, na ile protini inayoibeba B12 hadi inakofyonzwa nayo hutoka kwenye ukuta wa tumbo. B12 ikipungua unapata ganzi miguuni, usahaulifu, uchovu, na huzuni. Mimi vidonge vya vitamini niliviacha mwezi wa tano, nikijiona mzima. Nilichomwa sindano za B12, nikapewa chuma, na baada ya wiki sita hivi ukungu ulianza kuondoka. Haukuondoka wote. Kilichobaki nilikwenda kukizungumza na mtaalamu wa saikolojia, na hapo niligundua jambo ambalo sikulitarajia: miaka yote chakula ndicho kilichokuwa kinanituliza. Nikigombana na mtu, nala. Nikiwakumbuka wa nyumbani, napika mihogo ya nazi, nala. Tumbo limekatwa, ugomvi na upweke viko palepale, na dawa yangu nimenyang'anywa.

Kwa hiyo ni vitamini, ni homoni, ni maisha, na ndani yake bakteria wamo. Ukichukua kimoja ukasema ndicho, utawapoteza watu.

Moja la dharura niliweke hapahapa: ukipasuliwa kisha ukatapika siku nyingi mfululizo, usikae nyumbani. Vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache, na upungufu wake huharibu ubongo. Ukianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba ukitembea au kuchanganyikiwa, ni hospitali siku hiyohiyo, na waambie umepasuliwa tumbo.

#5 – Mchangiaji, Unguja

Dada yangu, mimi nasema kwa mapenzi. Mtu akipungua ghafla hivyo watu wanamtia jicho. Fanya kisomo cha ruqya, na hizo simu na vitabu vya wazungu punguza.

#6 – Mwanzisha uzi

Bi mkubwa, nimekusikia na ninakushukuru. Dua sikuiacha na siiachi. Ila nikuhadithie kilichonipata Ramadhani ya kwanza niliyoruhusiwa kufunga.

Magharibi imeingia, nimekula tende tano, chai ya maziwa yenye sukari, na kipande cha halwa, maana tumbo nilidhani limeshazoea. Haikufika nusu saa: moyo unadunda, jasho linatiririka, mikono inatetemeka, najiona nakufa. Nyumba nzima ikanisomea. Nikatulia. Kesho yake tena, vilevile. Siku ya nne shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, alinipima sukari saa mbili baada ya kufuturu ikawa imeshuka hadi karibu kuzimia. Akanieleza kwamba kwa tumbo lililokatwa vitu vitamu humwagika haraka kwenye utumbo. Mwanzoni utumbo hushtuka, moyo hukimbia. Baadaye insulini hutoka kwa wingi na sukari huporomoka. Hali hii ni ya kawaida zaidi kwa watu wa baipasi, ila hata sisi wa takmim hutupata.

Nikaanza kufuturu kwa tende moja, supu, kisha mayai au samaki, maji nikanywa mbali na chakula. Mambo yakaisha. Sasa jiulize ni wangapi wamepewa jina la wasiwasi au la majini, na kumbe ni halwa. (Na kufunga kwenyewe muulizeni daktari wenu kwanza, mimi mwaka wa upasuaji nilikatazwa.)

#7 – Mchangiaji, Mombasa

Hili la mood najua. Broo wangu alifanyiwa bypass huko nje, alikuwa hanywi sana. Sasa anakunywa vibaya, na anasema bia moja inamtosha kulewa. Sisi twamuona amepotoka tabia.

#8 – Mwanzisha uzi

Pole sana kaka. Mwambie nduguyo, na mwambie kwa upole, kwamba hili linajulikana. Baada ya baipasi pombe hupita haraka mno kuingia kwenye damu, kiwango hupanda juu kuliko zamani, na ulevi huchukua muda kuisha. Hospitali kumi za Marekani ziliwafuatilia watu wao, na matokeo yalitoka mwaka 2012: wenye tatizo la pombe walikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji, wakafika 9.6 mwaka wa pili, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa baipasi. Pia kuna wanaohama kutoka chakula kwenda pombe kwa sababu ile niliyoieleza kwangu. Tabia yake imeguswa na mwili wake. Mpelekeni kwa daktari anayejua upasuaji huo, na msimpeleke peke yake.

#9 – Mchangiaji, Dar es Salaam

Nina vidonge vya probiotiki original, bakteria bilioni 50, vinarudisha bakteria wazuri na vinaondoa stress kabisa kwa waliopasuliwa. Njoo inbox.

#10 – Mwanzisha uzi

Ndugu, naomba usiuze hapa kwa watu waliochoka. Probiotiki sizikatai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu mwaka 2009 kwa watu 44 wa baipasi, na waliopewa walionekana kupungua zaidi kwenye miezi mitatu ya mwanzo na B12 yao ilikuwa juu. Kufika mwezi wa sita tofauti ya uzito ilikuwa imefifia. Ni jaribio dogo, na halikusema chochote kuhusu kuondoa sonona. Anayekuambia "kabisa" anakuuzia.

Mimi nimeona faida kwenye chakula, na nitasema ninachokula bila kukiita dawa. Mtindi usio na sukari kila siku. Kunde, choroko, mbaazi kidogo kidogo, kwa sababu bakteria wanaotengeneza butireti wanaishi kwa nyuzinyuzi. Mchicha, bamia. Uji wa ulezi uliochachuliwa. Kule nyumbani bara kuna togwa, kinywaji cha nafaka kilichochachuliwa, na watafiti wa Tanzania na Sweden walishaonyesha miaka ya 1990 kwamba togwa inapunguza bakteria wa maradhi kwenye choo cha watoto. Watoto si sisi, na togwa yenye sukari nyingi itakufanya kama halwa ilivyonifanya. Ila ninapoona watu wanaagiza vidonge vya bei ya mbuzi kutoka ng'ambo, na wanasayansi wa ng'ambo wanapanda ndege kwenda Ziwa Eyasi, Tanzania, kuchunguza utumbo wa Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, roho inaniuma. Wahadzabe, kwa mizizi yao, matunda ya mbuyu na asali, wana bakteria wa aina nyingi kuliko watu wa mijini, na utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha bakteria wao wanabadilika na misimu, wengine wanapotea masika na kurudi kiangazi. Nyuzinyuzi wanazokula kwa siku zinafika gramu 100 na zaidi. Hatuwezi sote kwenda kuchimba mizizi, lakini kunde zipo sokoni.

#11 – Mchangiaji, Nairobi

Mimi niko kwa dawa za depression miaka minne na nimepangiwa bypass mwezi ujao. Hakuna mtu ameniambia kitu kuhusu hizo dawa. Niache?

#12 – Mwanzisha uzi

Usiache, tafadhali sana. Kuacha ghafla kuna hatari yake. Nenda kwa aliyekuandikia na kwa daktari wa upasuaji, wote wawili, kabla ya siku yenyewe, na uwaulize hivi: dawa yangu itafyonzwa vipi baada ya baipasi? Miezi ya mwanzo damu ya baadhi ya watu huonyesha kiwango cha dawa kimeshuka sana ingawa wanakunywa kipimo kilekile. Vile vidonge vinavyotoa dawa polepole ndivyo vinavyohitaji kuangaliwa zaidi, maana vimetengenezwa kwa utumbo mrefu. Huenda wakakubadilishia aina, au wakakuona kila wiki mbili mwanzoni. Upasuaji haujakatazwa kwa mtu mwenye sonona. Unahitaji tu watu wanaojua.

Na tafuta mtu mmoja nyumbani umwambie ukweli wako kabla ya kwenda. Mmoja anatosha.

#13 – Mchangiaji

Nimesoma yote. Mwaka wa pili tangu nipasuliwe. Nimeshuka kilo 50. Kila mtu ananipongeza na mimi natamani nisiamke asubuhi. Sijawahi kuandika hivi popote.

#14 – Mwanzisha uzi

Mpenzi wangu, umefanya vizuri mno kuandika. Sikujui, lakini nimekaa hapo ulipokaa. Leo hii, si kesho, mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe kwa maneno hayohayo uliyoandika hapa, na umwombe asikuache peke yako usiku. Kama mawazo ya kujidhuru yapo, nendeni pamoja chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Wakikuuliza, sema umepasuliwa tumbo na waombe wapime B12, B1, chuma na vitamini D. Hukosi shukrani, wala imani yako si dhaifu. Mwili wako umepita kwenye jambo kubwa, na hakuna aliyekuambia hii sehemu ya pili ipo. Niandikie faragha saa yoyote, niko macho.

#15 – Mchangiaji

Nimempigia dada yangu. Yuko njiani anakuja.

#16 – Mwanzisha uzi

Alhamdulillahi. Akifika mwonyeshe namba 4 na namba 14, asome yeye mwenyewe. Nakusubiri hapa.